Kumfundisha mtoto kupima: rula, silinda, mizani na kipimajoto katika somo la Sayansi

Msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba hivi, watoto wa Newala, Tandahimba, Masasi na Ruangwa huona mizani kila wiki. Wanaongozana na wazazi hadi ghala la chama cha msingi cha ushirika, gunia linapandishwa, karani anataja kilo, mzazi anachungulia kuhakikisha. Huku kusini mwa Tanzania huna haja ya kumshawishi mtoto kwamba kupima ni jambo zito. Habari za kangomba amezisikia nyumbani: korosho zinazonunuliwa uchochoroni kwa bakuli, bei ya kutupwa, mbali na mizani iliyokaguliwa.

Halafu mtoto huyohuyo anaingia darasani, anapewa rula, anapima dawati na kuandika "61". Sitini na moja nini? Alianzia wapi? Hajui, na mara nyingi hakuna aliyemuuliza.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa shule ya msingi, hasa darasa la III hadi la VI, mwenye watoto wengi na vifaa vya kuokoteza. Unamfaa pia mzazi anayetaka kufanya haya nyumbani. Msimamo wangu ni kwamba mtoto afundishwe kukitilia shaka kifaa kwanza, kusoma namba kufuate. Akishazoea kukikagua kifaa kabla ya kukiamini, ataweza hata kile ambacho hajawahi kukishika.

Vifaa: ulivyo navyo na vya kutengeneza

Rula za sentimita 30, moja kwa kila watoto watatu, zinatosha. Futi kamba ya fundi cherehani, moja au mbili. Kwa ujazo, kama shule haina silinda ya kupimia, nunua mabomba ya sindano ya mililita 10 au 20 kwenye duka la dawa, mapya, na sindano zake zibaki dukani. Usiruhusu kamwe mtoto aokote bomba zahanati au jalalani. Vikombe vidogo vya dawa ya maji ya watoto vina alama za mililita 5 na 10, navyo vinafaa.

Mizani ya jikoni, ya kidijitali au ya mshale, inaazimika. Kipimajoto kiwe cha maji mekundu, kile cha spiriti. Cha zebaki kiache kabatini: kikivunjika, matone yake hutoa mvuke wenye sumu na watoto huyachezea kwa sababu yanateleza na kung'aa. Likitokea hilo, toa watoto nje, fungua madirisha, wala usifagie kwa ufagio, maana ufagio huyatawanya. Kipimajoto cha homa nacho ni kitu tofauti kabisa. Kimetengenezwa kusoma kuanzia nyuzi 35 hadi 42 tu, na cha kioo ukikitumbukiza kwenye maji ya moto hupasuka.

Hatua ya kwanza: mwili uwadanganye

Kabla ya kugawa rula, waambie wapime dawati kwa shibiri. Kila mmoja atumie mkono wake, aandike jibu kabla ya kulitaja. Utapata sita, saba, saba na nusu, na mabishano. Usiyazime mapema. Wakishachoka kubishana, uliza: fundi akija kutengeneza dawati jingine sawasawa na hili, tumpe shibiri za nani?

Zoezi la pili linahitaji mabeseni matatu ya maji: ya moto kiasi (mkono ustahimili), ya baridi, na ya vuguvugu katikati. Mtoto aweke mkono mmoja kwenye moto na mwingine kwenye baridi kwa nusu dakika, kisha yote miwili kwenye vuguvugu. Mkono mmoja utamwambia maji ni baridi, mwingine utamwambia ni ya moto, na maji ni yaleyale. Baada ya hapo huna haja ya kueleza kwa nini kipimajoto kilibuniwa.

Patakuwa na mtoto mmoja, hakosekani, atakayeuliza nani aliamua kilo iwe kiasi kile. Mjibu kweli. Kwa zaidi ya miaka mia moja kilo ya dunia nzima ilikuwa kipande cha chuma kilichohifadhiwa karibu na Paris, Ufaransa, na mizani zote zilirudi kwake. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo haitegemei tena kipande kile. Imefungwa kwenye namba ya maumbile isiyobadilika. Inatosha kwa darasa la V.

Hatua ya pili: maswali matatu kabla ya kusoma chochote

Hapa ndipo pa kutumia muda, hata vipindi viwili au vitatu. Andika maswali haya ubaoni na yasifutwe muhula mzima.

Sifuri iko wapi? Rula nyingi zina pengo dogo kati ya ukingo na mstari wa sifuri. Mtoto huweka ukingo, na jibu linapotoka kwa milimita kadhaa. Rula iliyolika mwanzoni haitupwi: aanzie kwenye 1, kisha atoe 1 kwenye jibu. Mizani isiyo na kitu lazima isome sifuri. Ikisoma gramu 20 ikiwa tupu, ama irekebishwe kwa kizungusho chake, ama hizo 20 zitolewe kwenye kila jibu. Waulize watoto: kwenye mizani kama hiyo, muuza samaki wa Mikindani anapata faida au hasara? Watajibu haraka kuliko swali lolote la kitabuni.

Nafasi moja ni kiasi gani? Makosa mengi ya watoto yanazaliwa hapa, kwa sababu wanadhani mstari mmoja daima ni moja. Wafundishe hivi. Tafuta mistari miwili iliyoandikwa namba, iliyo jirani. Toa namba ndogo kwenye kubwa. Hesabu nafasi kati yake. Gawanya. Silinda yenye 10 na 20, na nafasi 10 katikati, kila nafasi ni mililita 1. Silinda nyingine ina 10 na 20 lakini nafasi 5: kila nafasi ni mililita 2. Sisitiza wahesabu nafasi, siyo mistari, kwa kuwa anayehesabu mistari huanza na ule wa namba na kupata moja zaidi. Chora vipimo vya uongo ubaoni, vingi, vyenye vigawanyo tofauti: vya 5, vya 20, vya nusu. Chora mshale, waite mmoja mmoja. Hili halihitaji kifaa chochote, na darasa la watoto 80 linaweza kulifanya kwa wakati mmoja.

Jicho liko wapi? Jicho liwe sawa na alama, lisitazame kutoka juu wala pembeni. Wape ushahidi: simamisha chupa yenye maji na mistari juu ya meza, watatu waisome, mmoja akiwa amesimama, mmoja amechuchumaa hadi jicho lilingane na maji, mmoja kutoka chini ya meza. Namba tatu tofauti, maji hayajatikiswa.

Hatua ya tatu: urefu

Rula ni rahisi, kwa hiyo usikae nayo sana. Anza na vitu ambavyo mwisho wake unaangukia kwenye sentimita kamili, kisha vya milimita. Daftari, penseli, jani la mkorosho. Wakubaliane kuandika sentimita 12.4 au milimita 124, na waone kuwa ni kitu kimoja.

Mtihani wa kweli ni kitu kisichopimika moja kwa moja. Unene wa karatasi: banisha karatasi 100 za daftari, pima unene wote, gawanya kwa 100. Upana wa mpira: uweke kati ya vitabu viwili vilivyosimama wima, ondoa mpira, pima nafasi. Mzingo wa shina la mkorosho: zungusha kamba, weka alama, inyooshe chini, pima. Wataalamu wa misitu hupima shina kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Watoto nao wakitumia kimo hicho, mkorosho wa shule unaweza kupimwa mwaka hadi mwaka na majibu yakalinganishwa. Mkorosho uliotoa matawi chini ya hapo, kama ilivyo mingi huku, utawapa mjadala mzuri wa wapi pa kuzungushia kamba. Waache waamue, mradi wauandike uamuzi wao.

Futi kamba ina mtego wake. Upande mmoja una inchi 60, wa pili sentimita 150. Mtoto akiigeuza katikati ya kazi anaandika kimo cha mwenzake kuwa sentimita 52, na hashtuki. Ndiyo maana kila kipimo kitanguliwe na makadirio: "Nadhani utakuwa sentimita 130." Jibu likija 52, makadirio yenyewe yanapiga kelele.

Hatua ya nne: ujazo wa maji

Maji kwenye silinda ya kioo hupanda kidogo kwenye kingo na kubonyea katikati. Soma chini ya mbonyeo, jicho likiwa sawa nao. Kwenye silinda za plastiki mbonyeo mara nyingi hauonekani, basi soma usawa wenyewe. Silinda ikae juu ya meza. Mtoto anayeinyanyua hadi usoni huiinamisha.

Kwenye bomba la sindano, asome pale mpira mweusi unapogusa maji, kwenye ukingo wa mbele, na atoe kwanza mapovu ya hewa kwa kuligonga kidogo huku mdomo ukitazama juu.

Kisha watengeneze silinda yao. Chupa ya plastiki iliyonyooka kuta, kipande cha karatasi ya gundi kimebandikwa kwa wima, na bomba la mililita 20. Mimina 20, weka alama. Mimina 20 nyingine, weka alama. Wataona kwamba pale chupa inapobana, alama zinaachana zaidi. Usiwaeleze kwanza. Uliza kwa nini, nyamaza.

Chupa hizohizo zinageuka kipimamvua. Kata sehemu ya juu ya chupa ya lita 1.5, igeuze ndani iwe faneli, weka changarawe kidogo chini ili chupa isianguke, mimina maji hadi yapite changarawe na ile sehemu ya chini yenye mabonde, na hapo ndipo sifuri. Kata mahali ambapo upana wa mdomo unalingana na upana wa chupa, la sivyo milimita zitadanganya. Iweke wazi, mbali na miti na paa. Soma kwa rula, kwa milimita, saa 3 asubuhi kila siku, kisha rudisha maji kwenye sifuri. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwa kila mita ya mraba. Kwa mtoto wa uwanda wa Makonde, ambako maji ya kunywa yamekuwa shida miaka yote, hesabu ya paa la shule haihitaji kupambwa. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 15: lita 1,500. Ianzishe mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, nayo itakupa kazi hadi Aprili.

Hatua ya tano: mizani

Tengeneza ya kwanza wenyewe. Henga ya nguo kwenye msumari, vifuniko viwili vinavyolingana vimening'inizwa kwa nyuzi tatu kila kimoja, na udongo wa mfinyanzi kidogo wa kusawazisha upande unaopanda. Henga isipolala sawa ikiwa tupu, hakuna kuendelea. Ni lile swali la sifuri limerudi.

Mawe ya mizani nayo tunayapata kwa maji. Mililita 1 ya maji safi ina gramu 1, kwa kazi ya darasani. Weka vikombe viwili vyepesi vinavyofanana, kimoja kila upande, hakikisha mizani imelala. Tia mililita 50 za maji kwenye kimoja kwa bomba. Kwenye kingine weka mfuko mtupu wa plastiki na umimine mchanga ndani yake kidogokidogo hadi mizani ilale tena. Funga mfuko: hilo ni jiwe la gramu 50. Fanya la 10, mawili ya 20, la 50, la 100. Mchanga uwe mkavu, ulioanikwa, vinginevyo jiwe la leo litapungua wiki ijayo. Na kwa jinsi mchanga ulivyo bure kutoka Mtwara hadi Kilwa, kila kundi linaweza kuwa na seti yake.

Sasa korosho. Ukiweka moja kwenye mizani ya jikoni, mshale hautikisiki, au namba inaruka kati ya 5 na 6. Weka korosho ghafi 20, gawanya kwa 20. Kwa kawaida utapata kati ya gramu 5 na 6 kwa moja. Kisha waambie wakadirie ngapi zinaingia kwenye kilo, na wahesabu kwa makundi: karibu 200, pungufu au zaidi kidogo kutegemea ukubwa. Wachukue korosho kutoka miti miwili tofauti wazilinganishe. Nimeona watoto wakibishana juu ya jambo hili hadi kengele, na huo ni ubishi wa kisayansi kabisa.

Sado, lile kopo la kupimia nafaka sokoni, iingie hapahapa. Sado moja ya mbaazi na sado moja ya makopa (mihogo iliyokaushwa): pima zote mbili. Chombo kimoja, kilo tofauti kabisa, kwa sababu makopa huacha hewa nyingi katikati. Kisha sado ya mbaazi iliyosawazishwa na ile iliyojazwa hadi kuwa mlima. Hapo unaweza kuwaeleza kwa nini mizani za biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika. Wakienda mnadani au dukani waitafute stika hiyo. Watawasumbua wenye maduka kidogo, si neno.

Mizani ya springi ya shule mara nyingi ina namba pande mbili: gramu upande mmoja, nyutoni upande wa pili. Kilo 1 ikining'inia, upande wa nyutoni husoma karibu 9.8. Kwa darasa la III na IV funika upande wa nyutoni kwa karatasi. Na usiruhusu mtu kuivuta kwa mikono kujaribu nguvu. Springi iliyovutwa kupita kiasi hairudi sifuri tena.

Hatua ya sita: kipimajoto

Kanuni chache tu. Kishikwe juu, mbali na tumbo lake la chini. Kiingie ndani ya maji bila kugusa chombo. Kisubiriwe hadi uzi mwekundu uache kusogea. Kisomwe kikiwa bado ndani ya maji, maana ukikitoa hewani namba inaanza kuondoka. Na hakikung'utwi, kukung'uta ni kwa cha homa.

Kazi nzuri kuliko zote huku kwetu ni mtungi. Jaza maji ya bomba au kisima kwenye mtungi wa udongo na kwenye ndoo ya plastiki, weka vyote kivulini tangu asubuhi, pima kila saa. Maji ya mtungini yatashuka chini ya yale ya ndooni, kwa sababu mtungi hutoa jasho na jasho likikauka huchukua joto. Rudia mwezi wa Agosti na tena katikati ya masika: tofauti inapungua wakati wa mvua, hewa ikiwa imeshiba unyevu. Pima pia mchanga wa uwanjani saa 7 mchana na ule wa chini ya mwembe.

Ukichemsha maji mbele yao (wewe ushike, wao wasome kwa mbali), ya Mtwara mjini au Lindi mjini yatafika karibu nyuzi 100. Ya Newala yatachemka kati ya 97 na 98. Kipimajoto si kibovu. Newala ipo zaidi ya mita 700 juu ya bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua kukandamiza maji. Mwalimu asiyejua hili anaweza kukitupa kifaa kizuri.

Hatua ya saba: muda

Simu yako ina saa ya kuhesabu sekunde, inatosha. Funga jiwe dogo kwenye uzi, mita 1 kutoka fundo la juu hadi katikati ya jiwe. Liachie lipembee kidogo tu. Mwenye kuhesabu aseme "sifuri" linapoachiwa, akisema "moja" anakuwa ameiba bembeo zima. Kwenda na kurudi mara 10 huchukua sekunde 20 hivi. Fupisha uzi uwe sentimita 25: sekunde 10. Wengi watadhani robo ya uzi inaleta robo ya muda, kwa hiyo wakadirie kwanza.

Kuendesha darasa kubwa

Makundi ya watoto sita, vituo vinne au vitano, dakika 12 kila kituo, kengele ikilia wanahama. Kila mtoto awe na kazi: mshika kifaa, msomaji, mwandishi, mkaguzi wa maswali matatu, na wawili wa kusoma upya. Kazi zibadilike kila kituo, vinginevyo mvulana mwenye sauti kubwa atashika mizani mwaka mzima na wasichana wataandika.

Sheria moja isiyovunjwa: andika kabla ya kusema. Msomaji wa kwanza akitaja 34 kwa sauti, waliobaki wote wataona 34. Kila mmoja aandike kwake, kisha wafungue madaftari. Namba zikitofautiana kwa nafasi moja, ni kawaida, wachague ya katikati. Ikiwepo moja iliyo mbali kabisa, isifutwe. Wapime tena, na ile ya kwanza ibaki kwenye daftari ikiwa na mstari mmoja juu yake.

Jedwali liwe na safu nne: kitu, makadirio, kipimo, kitengo. Kipimo kisicho na kitengo hakipewi alama hata nusu. Ukiwa mkali kwa hili wiki mbili za mwanzo, hutalirudia tena.

Kuwapima wapimaji

Mtihani wa karatasi hauoni kama mtoto anajua kupima. Andaa vituo vitano, viwili vikiwa na hila: rula iliyokatwa inayoanzia 3, na mizani inayosoma gramu 15 ikiwa tupu. Nusu ya alama ni za jibu, nusu za kuigundua hila. Mtoto anayesema "Mwalimu, mizani hii haipo sawa" kabla hajaweka kitu chochote juu yake apate alama zote za kituo, hata akikosea kutoa.

Kutunza vifaa

Hewa ya pwani ina chumvi. Springi na misumari ya mizani ipanguswe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kazi, na mara moja kwa mwezi kwa tone la mafuta ya cherehani. Betri za mizani ya kidijitali zitolewe likizo ikianza. Kipimajoto kilale kwenye kipande cha bomba la plastiki chenye pamba mwisho, kikiwa mbali na dirisha lenye jua. Rula zisiachwe juu ya bati. Mawe ya mchanga yakaguliwe upya kwa maji mwanzoni mwa kila muhula, na watoto wa darasa la VI ndio wafanye ukaguzi huo, wakibandika stika yao yenye tarehe.